Kamba Iliyorudi Imelowa

Effie Munro alikuwa amepanga kumwambia Struan jioni, wakisharudi kwenye gari. Ndivyo alivyomwahidi mama yake: nendeni mara hii ya mwisho, mkirudi umwambie, yaishe. Lakini neno lilikuwa limemkaa kooni tangu alfajiri, na walipofika kwenye ukuta wa mawe wa kuzuia kondoo, katikati ya mteremko wa mlima Ajuza, likamtoka lenyewe.

"Struan, simama kidogo."

Struan alikuwa mbele, kamba begani, akipiga mluzi. Akageuka. "Viatu vinakubana?"

"Siyo viatu. Ni sisi. Leo ndiyo mwisho wetu."

Mluzi ukakatika. Jua la mwezi wa tatu lilikuwa linawaka, lile jua letu la kudanganya watu, linalomfanya mtu avue koti na kulitaka tena kabla hajamaliza kulikunja. Struan alimtazama kwa yale macho yake ya kijivu, macho ambayo Effie alikuwa ameyakwepa asubuhi nzima kwa sababu alijua yangemlegeza.

"Umeamua au umeamuliwa?" Struan aliuliza.

"Usimwingize mama yangu."

"Sijamtaja."

"Umemtaja, Struan. Hata ukinyamaza unamtaja."

Struan alikaa juu ya ukuta, akaiweka kamba magotini. Effie akaiangalia ile kamba, akageuza uso kama anavyofanya siku zote akiiona.

Alikuwa na umri wa miaka minane siku baba yake, Hamish, alipopanda mlima huuhuu na rafiki yake. Watu wa bondeni wanauita Ajuza kwa sababu umepinda mgongo na haueleweki; asubuhi anakuchekea, mchana anakutemea. Siku hiyo kulikuwa kweupe. Wale wawili wakaona kufunga kamba ni kujichelewesha, wakaiacha ndani ya begi la rafiki. Hamish akateleza kwenye Mgongo, ile njia nyembamba inayounganisha vilele viwili vya Ajuza, na kuteleza pale ni kwenda moja kwa moja. Rafiki akarudi peke yake, akaileta kamba nyumbani. Nessa, mama yake Effie, aliipokea mlangoni, akaipapasa, akaikuta kavu. Kavu kabisa, kama imetoka dukani. Aliitia kwenye moto wa jiko palepale mbele ya watu, na nyumba ikanuka plastiki iliyoungua mpaka baada ya mazishi. Tangu hapo hakuna mpanda milima aliyevuka kizingiti cha jiko lake. Struan, mchumba wa miaka miwili, alikuwa anaishia barazani, katikati ya viatu vya matope, akiongea na mkwe kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Unajua kwamba Jumamosi tukiwa huku mama hakai?" Effie alisema. "Anasimama dirishani, supu motoni, mpaka nirudi. Sasa siku ikiwa ni mimi ninayesimama dirishani? Nina mtoto kiunoni, nakungoja wewe? Siwezi. Nakupenda, ndiyo maana siwezi. Naogopa mpaka usingizini."

"Mimi fundi wa mapaa, Effie. Hata nikiacha milima, utanikuta juu ya nyumba ya mtu."

"Usinichekeshe."

"Najitetea tu. Sijui kujitetea kwingine."

Akafungua begi akatoa kibati chake cha chakula, kile cha bluu kilichobonyea. "Basi kula kwanza. Mtu haachani na mwenzake akiwa na njaa."

"Sitaki."

"Kipande kimoja. Hiki cha upande huu, kina jibini nyingi."

"Nimesema sitaki, Struan. Mbona unaning'ang'aniza mkate?"

Struan aliushika mfuniko muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mfuniko. Kisha akaufunga taratibu, akakirudisha kibati mfuko wa juu wa begi. "Haya," alisema. "Turudi. Mawingu yanaanza kukaa kule magharibi, sijayapenda."

Na hapo ndipo Effie alipokosea, mwenyewe alikuja kukiri. Angesema turudi, wangerudi, wangeachana kavu kwenye gari, na kila mtu angelia kwao. Lakini aliinua macho akauona Mgongo, mweupe, mwembamba, ukimeta juani, na alikuwa hajawahi kuufikia hata siku moja. Safari zote walikuwa wanaukwepa kwa ajili yake.

"Nataka nipaone," alisema. "Pale baba yangu alipoanguka. Sitarudi tena mlima huu, kwa hiyo nataka nipaone."

"Effie."

"Ukitaka rudi wewe."

Alijua hatarudi. Ndiyo maana aliweza kulisema.

*

Ajuza aliwangoja mpaka wamefika mahali pabaya. Walikuwa wamekipita kilele cha kwanza, mbele yao Mgongo, wakati jua lilipozimika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Upepo ukaja na mvua ya mawe, mvua ya mawe ikageuka theluji, na lile bonde lote lenye nyumba, barabara na kanisa likafutika. Effie aliangalia nyuma. Nyayo zao wenyewe zilikuwa zinajaa theluji huku akiziona.

"Sasa turudi!" alipaza sauti.

Struan alitikisa kichwa, akamsogelea mpaka mapaji ya nyuso zao yakagusana, kwa sababu vinginevyo hawasikiani. "Ule mteremko tuliopanda unajazwa theluji mpya. Tukiukanyaga utatubeba. Njia ni mbele. Tukivuka Mgongo, upande ule kuna njia ya kondoo inayozunguka mpaka barabarani tulipoacha gari."

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyetuleta."

"Utaniomba msamaha kwenye gari. Nyanyua mikono."

Alikuwa ameshaikunjua kamba. Effie alizitazama zile kucha za Struan zilizopasuka kwa vigae zikipitisha fundo kiunoni mwake, zikilikaza, zikilirudia.

"Nimekuacha asubuhi hii," alisema, "na bado unanifunga kwako?"

"Tukifika chini fungua, nenda zako. Huku juu wewe ni wangu." Akajifunga na yeye upande wa pili. "Sasa nisikilize, na usinikatize. Utatangulia, mimi nyuma nikuone. Hapa hakuna pa kuishikizia kamba, hakuna jiwe, hakuna kitu. Kwa hiyo dawa yake ni moja, na watu wote wa huku wanaijua. Ukianguka kushoto, mimi naruka kulia."

"Unaruka?"

"Naruka. Kamba inakaa juu ya Mgongo, wewe huku, mimi kule, tunashikana kwa uzito wetu. Nikianguka mimi, unaruka wewe, upande mwingine."

"Siwezi."

"Utaweza."

"Struan, nakwambia siwezi. Miguu yangu haitakubali. Nitasimama nikikutazama unaenda, na utanivuta."

Struan alimtazama. Ulikuwa mtazamo mrefu kwa mahali kama pale. Theluji ilikuwa imemganda kwenye nyusi. "Basi sitaanguka," alisema. "Na tusiposikiana, vuta kamba. Mara moja maana yake nipo. Mara mbili maana yake panda. Nenda, mpenzi. Tembea katikati, ukae mbali na ukingo wa kushoto. Ule siyo mlima, ule ni theluji iliyojengwa na upepo, chini yake hamna kitu."

Effie akaenda. Meno ya chuma yaliyofungwa chini ya viatu yaling'ata barafu, akachomeka shoka lake dogo, akapiga hatua, akachomeka tena. Upana ulikuwa kama wa meza ya jikoni, baadaye kama wa benchi. Kila hatua alimwazia Struan aliye nyuma. Anateleza sasa. Anateleza sasa hivi. Masikio yake yote yalikuwa mgongoni, yakingoja ukelele, na katika kuomba Mungu kwamba mwanamume asianguke, alisahau kabisa kwamba na yeye ana miguu. Weupe wa chini na weupe wa hewani ulikuwa mmoja. Akafikiri yuko katikati.

Hakusikia mlio mkubwa. Ilikuwa kama mtu kakohoa. Kisha ardhi yote ya kushoto ikaondoka na yeye yuko juu yake.

*

Alianguka akiwa na wazo moja: ndivyo ilivyokuwa. Baba, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kisha kamba ikamkamata mbavuni kwa kishindo kilichomtoa pumzi yote, akajibamiza kwenye barafu, kidevu kikachanika, akabaki ananing'inia, anazunguka taratibu, hana cha kukanyaga.

Alipoweza kuvuta pumzi, aliita. "Struan!" Upepo ukalichukua jina likiwa bado mdomoni. Aliangalia juu. Kamba ilipanda ikapotea kwenye weupe. Chini hakuangalia.

Akavuta kamba mara moja. Nipo.

Hakuna kilichojibu.

Akangoja, akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Kamba ilikuwa imekaza kama nguzo. Jamani, mtu anaweza kuogopa mpaka akadhani ameshamaliza woga wote, kumbe kuna chumba kingine nyuma ya kile. Aliyeishika kamba ile kwa upande wa pili alikuwa mzito na hatikisiki. Alikuwa ameruka. Ameruka kweli, kama alivyosema. Amejipasua kichwa kwenye mwamba, na sasa kinachomshikilia Effie hapa hai ni mwili.

"Usinifanyie hivyo," alisema, siyo kwa sauti ya kuita tena, kwa sauti ya kitandani. "Nimekuacha kwa sababu naogopa kitu hiki hiki. Usinifanyie."

Polepole alijizungusha, akapata kuchomeka meno ya chuma kwenye barafu, na shoka lake, ambalo lilikuwa bado limefungwa kwenye kifundo cha mkono, likashika. Sasa alikuwa na pa kusimama. Juu hapakuwa mbali, urefu wa nyumba ya ghorofa. Angeweza kujaribu kupanda. Akainua mguu, na kamba ikalegea kidogo mbavuni, na palepale akaelewa, akaushusha mguu haraka kama ameunguzwa.

Akipanda, uzito wake unatoka kwenye kamba. Na kama Struan amezimia kule, hana anachokishika, basi kinachomzuia yeye asiende ni uzito wa Effie. Kila hatua ya kujiokoa ingekuwa ni kumdondosha.

Basi akakaa. Alijiachia kamba imkate mbavu, akajifanya mzito, akaweka viganja kwapani. Vidole vya miguu vilianza kupotea kimoja kimoja. Alijua kabisa kwamba mtu akikaa hivi hafiki jioni. Alimwona mama yake dirishani, mwiko mkononi, na akalia, kwa sababu alitambua kwamba amekuja kuangukia mahali palepale na mama atazika wawili. Na hata hivyo hakuupandisha mguu. Ajabu ni kwamba asubuhi alikuwa na sababu zote za kumwacha mwanamume huyu, zimepangika vizuri, na sasa angeweza kumwacha kwa kuinua mguu mmoja tu, na sababu zote hizo alikuwa hazioni.

"Siendi," aliiambia kamba. "Nipo. Siendi."

Akavuta mara moja.

Kamba ikavuta mara moja.

Alidhani ni upepo. Akang'ang'ania, hapumui. Ikaja tena, mvuto mmoja, dhaifu, wa mtu. Kisha muda mrefu wa kutisha. Kisha miwili.

*

Walikutana juu, kila mmoja kapanda mguu huku na mguu huku, kama watoto juu ya ukuta wa jirani. Struan alikuwa amepasuka juu ya jicho na damu imeganda mpaka shingoni. Effie alimshika mashavu akamtazama jicho moja, akamtazama la pili, kuhakikisha kwamba yote mawili yana mwenyewe.

"Nilivuta," alisema. "Nilivuta ukanyamaza. Nikajua umekufa."

"Niligonga kichwa. Nilipozinduka nikaikuta kamba imezama kwenye theluji ya ukingo, haisikii. Nikavuta na mimi, sikupata jibu. Sikujua kama nimeshika mtu au maiti."

"Na mimi hivyo hivyo."

"Mbona hukupanda? Ulikuwa na shoka."

"Ungeanguka."

Midomo ya Struan ilikuwa inacheza, na Effie alikuwa hajawahi kumwona akiogopa.

"Uliruka bila kufikiri?" aliuliza.

"Nilifikiri. Kuna muda kidogo wa kufikiri, usidanganywe. Nilifikiri, huyu si ameshaniacha."

"Ukaruka?"

"Heri uniache ukiwa mzima."

Effie akamkumbatia pale pale, na wote wawili wakatetemeka mpaka meno yakagongana, na haikuwa busu la kupendeza ila lilikuwa busu. Struan akapapasa begi lake, akatoa mguno. Mfuko wa juu ulikuwa umepasuka, mtupu.

"Kibati kimeenda," alisema.

"Ndicho unachokililia? Mkate?"

"Kile kipande chenye jibini nyingi kilikuwa na pete, Effie. Nilikung'ang'aniza asubuhi mpaka nikaona haya."

Effie alimtazama, akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati, na mbavu zikamuuma. "Mjinga wewe. Ningeimeza."

"Basi sasa Ajuza ameimeza. Tushuke. Bado hatujatoka."

Na kweli hawakuwa wametoka. Waliteremka upande wa pili kwa kutambaa zaidi kuliko kutembea, kamba bado iko kati yao, na hata walipoikuta njia ya kondoo, na mvua ikachukua nafasi ya theluji, na barabara ikaonekana, hakuna aliyeshika fundo lake kulifungua. Struan aliangalia fundo la Effie mara moja, akaangalia pembeni. Yeye ndiye aliyesema fungua uende zako. Effie alilifungua tu kwa sababu mlango wa gari haukuweza kufungwa.

*

Dirisha la jikoni lilikuwa na taa, na kivuli kimesimama. Effie aliona kivuli kikiondoka dirishani, na woga ambao alidhani ameuacha mlimani ukamrudia wote. Sasa alikuwa anamwogopa mama yake. Leo ndiyo siku ya kumwacha mtu, na mtu ameletwa mpaka mlangoni anavuja damu.

Nessa alifungua mlango upana wa mwili wake. Alimtazama binti yake kidevu, akamtazama namna alivyojishika mbavu. Hakumgusa. Alikuwa na sura ya mtu anayehesabu vyombo baada ya kusikia kitu kimevunjika.

"Habari za jioni, Mama Effie," alisema Struan kutoka barazani, mahali pake pa siku zote. "Nisamehe kwa kuchelewa. Naweka tu begi lake naondoka."

Nessa alikuwa anaiangalia kamba begani kwa Struan. Akanyoosha mkono, na Struan, bila kujua afanye nini, akaitoa akampa. Ilikuwa nzito kwa maji, barafu bado imo kwenye mikunjo, ikadondoka juu ya viatu vya nyumbani vya mama. Akaipitisha kiganjani pima kwa pima. Kidole gumba kikasimama kwenye sehemu moja iliyochakaa ikatoa manyoya, pale iliposagika kwenye ukingo.

"Nani alianguka?"

"Mimi, Mama," alisema Effie.

"Na wewe?"

"Niliruka," alisema Struan.

"Upande gani?"

"Ule mwingine."

Nessa aligeuka akaingia ndani na kamba mkononi. Effie alimfuata mbio mbio, kwa sababu alimwona anakwenda moja kwa moja kwenye jiko, na aliikumbuka harufu ile ya utotoni kama ya jana. "Mama, usiichome. Nakuomba."

Nessa alisogeza sufuria ya supu pembeni. Kisha akaifungua kamba ya kile kichanja cha kuanikia kilichoning'inia darini juu ya jiko, akakiteremsha kinalia, akaondoa blauzi zake mbili na taulo, akaanza kuitandaza kamba ya Struan juu ya fito, mkunjo kwa mkunjo. Maji yalidondoka kwenye bati la moto yakachemka palepale.

"Ulimwambia?" aliuliza kwa sauti ya chini, mgongo kwa binti.

"Nilimwambia."

"Baada ya kuanguka."

"Kabla, Mama. Asubuhi, kwenye ukuta wa kondoo. Alikuwa ameshajua kwamba namwacha."

Mikono ya Nessa ilisimama juu ya kamba. Alikaa hivyo, mikono juu, na Effie hakuweza kumwona uso, aliona mabega tu. Kisha mikono ikamalizia mkunjo wa mwisho, ikakivuta kichanja juu, ikafunga.

"Hii haikauki leo," alisema, akiangalia dari. Akakohoa kidogo, akaipaza sauti ielekee barazani. "Struan. Vua viatu uingie, supu inapoa."